Nyumba Iliyofanya Mtihani

Kadutu nzima ilimjua Mama Cibalonza kwa kasiksi yake, na kasiksi, kwa asiyejua, ni pombe ya ndizi. Ya kwake haikuongezwa maji kama ile ya wanawake wengine wasiomwogopa Mungu. Ukipanda kutoka sokoni jioni, ukipita safu ya kwanza ya nyumba za matofali, ukisikia wanaume wanacheka nyuma ya ua, umefika kwake. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Alikaa dirishani katika sebule ya mwanawe Stanislas, juu ya kiti chake kidogo cha miguu mitatu, kiko chake cha tumbaku mdomoni, jicho kwenye ua. Na ule mdomo wake ulikuwa mkali, we! Polisi mmoja alikuja siku moja kumtisha kwa ajili ya pombe, akaondoka amempasulia kuni zake zote na kuziingiza jikoni.

Alikuwa mjane tangu ujana. Mumewe alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Mwenga, akarudi mgonjwa wa kifua, hakumaliza hata masika moja. Cibalonza akamfunga Stanislas mgongoni, akatoka Walungu kwa miguu, akaja kutafuta maisha Bukavu, wakati mji bado unaitwa kwa jina la Mzungu mmoja. Kitu kimoja tu alikitaka: mtoto asome.

Na mtoto alisoma, si kusema hakusoma. Stanislas alikuwa na kichwa. Lakini kwenye shule ile, mtoto ambaye kwao hawakuleta mchango alitakiwa kuulipa kwa mikono yake, na saa iliyochaguliwa kwa kazi hiyo ilikuwa saa ya hesabu. Wale ambao baba zao wana mshahara walibaki ndani na ubao na chaki, Stanislas na wenzake wakachukua jembe wakaenda kwenye shamba la shule. Mwisho wa mwaka mwalimu akamwita Cibalonza na kumwambia kwa huruma kwamba mtoto wake ni mzuri, ila hesabu imemshinda. Imemshinda! Hesabu angeijulia wapi, kwenye mihogo? Wale waliobaki ndani wakaendelea mbele, wakawa makarani wakubwa wenye tai na kofia. Stanislas akawa planton, wa kubeba makaratasi kutoka meza hii kwenda meza ile. Baadaye alijifunza mashine ya kuandika kwa kuibia ibia kwa macho, wakamfanya karani mdogo, tena mdogo kweli. Mshahara wake ulikuwa unafika nyumbani umechoka, na kasiksi ya mama yake ndiyo iliyoununulia nguvu.

Kwa hiyo mjukuu alipozaliwa, Cibalonza alimwangalia, akasema moyoni kwamba huyu hatashika jembe saa ya hesabu. Jina lake Philémon. Mama yake, Euphrasie, alikuwa mwanamke mtulivu wa sindano na uzi, hakuwa na ugomvi na mama mkwe. Mtoto alilala sebuleni kwenye mkeka mmoja na tate yake. Tate, ndivyo Bukavu wanavyomwita bibi aliyemzaa baba au mama yako. Jioni mtoto alimsomea kwa sauti masomo yake yote, na yule mwanamke asiyejua herufi hata moja alimsikiliza, kiko kimezimika, na walevi wakipandisha sauti uani alichungulia dirishani.

"Munyamaze! Mutoto iko nasoma!"

Wakanyamaza. Watu wazima, wengine wana wajukuu wao, walinyamaza wakanywa kwa adabu kama wako kanisani. Philémon akawa wa kwanza katika kalasi yake. Mama Cibalonza hakumwambia mtu, lakini siku hiyo kila mteja alijaziwa kikombe hadi juu, na mwenye akili akaelewa.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tano. Mwaka uliofuata, jioni moja, Stanislas aliingia nyumbani na kukaa bila kuvua viatu. Alikuwa na habari, na habari yenyewe ilikuwa nzito kuitoa. Kule chini kando ya ziwa, kwenye shule ya watoto wa Wazungu, ile yenye madirisha ya vioo na mwalimu mmoja kwa watoto wachache, sasa wanaanza kuchukua na watoto weusi, wawili watatu. Ukisoma pale, huendi kuwa planton. Unaweza kuwa chochote.

"Basi Philémon afanye mutihani," Cibalonza akasema. "Atabashinda bote."

"Mutoto atafanya mutihani kidogo tu, mama. Nyumba njo itafanya mutihani."

Cibalonza hakuelewa, na wewe pia usingeelewa, hata kama ungejua kwamba njo ya Bukavu ni ndiyo. Stanislas akaeleza. Kuna tume. Watakuja Wazungu wawili, madame mmoja na bwana mmoja, na pamoja nao Bwana Théodore, karani mkubwa, mtu mweusi pekee kwenye tume hiyo. Wataingia ndani ya nyumba waone kama ni nyumba ya watu waliostaarabika. Wataangalia meza kama ina kitambaa, uma na visu, choo, kitanda cha mtoto, mahali pa mtoto kusomea. Nyumba ya mtu mwenye mshahara wa kutosha. Watauliza nani na nani wanalala humo. Wakikuta ndugu wamelala chini, wakikuta pombe, kwisha, mtoto abaki Kadutu.

Euphrasie akainama juu ya sufuria kana kwamba amedondosha kitu ndani yake. Stanislas akaangalia viatu vyake. Mama Cibalonza akawaangalia wote wawili, akaona yale maneno wanayoyazunguka, na kwa kuwa Stanislas alikuwa mwanawe na hakutaka kumsikia akiyatamka, akayawahi.

"Basi miye niende Walungu siku kidogo. Hata hivyo, nyumba ya kaka yangu iko tupu, inaoza."

Aliyasema haraka, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anapanga safari hiyo siku nyingi. Kisha akasubiri. Alisubiri mtu aseme hapana mama, wewe ubaki, tutatafuta njia nyingine. Euphrasie alikoroga maharage. Stanislas alisema, "Aksanti, mama," na sauti yake ilikatika katikati.

Wiki hiyo ikawa ya kukopa. Meza kwa jirani, kitambaa cha meza kwa masista, uma kwa mpishi wa Mzungu mmoja aliyeapa kwamba akikosa hata mmoja atafukuzwa kazi. Pipa la kasiksi likahamishwa. Na Cibalonza, ambaye hajui kufanya kitu nusu, akaona kuna hatari moja ambayo wenzake hawakuifikiria. Mtoto. Mtoto ataulizwa, na mtoto hajui kudanganya.

Akamwita nyuma ya nyumba, akavaa kitambaa kichwani kwa namna ya kofia ya madame, akabana pua.

"Miye ni madame. Philémon, kwenu nani banalala?"

"Papa, maman, miye na tate."

"Umeanguka! Tena."

Walirudia. Philémon alidhani ni mchezo, akacheka mpaka akakaa chini. Lakini tate yake hakucheka. Alimfundisha kusema papa, maman na mimi. Halafu akafikiria mbali zaidi: je, kama siku yenyewe gari la Walungu limechelewa, wakamkuta njiani, wakamuuliza mtoto? Akajielekezea kidole kifuani.

"Philémon, huyu mama muzee, unamufahamu?"

"Njo tate wangu!"

Akamvuta sikio, si kwa nguvu, lakini alimvuta. "Umeanguka. Sema: hapana, simufahamu."

Mtoto akakataa. Machozi yakamlenga, akasema hiyo ni dhambi, padri amesema. Cibalonza akatoa kwenye kikapu ndizi moja ndogo ya kuiva, zile tamu ambazo Philémon alizipenda kuliko nyama, akaimenya polepole mbele ya macho yake. Akauliza tena. Mtoto akaangalia ndizi, akaangalia tate, akasema haraka haraka bila kupumua, "Hapana, simufahamu." Akapewa. Walifanya hivyo kila jioni, na kila alipojibu vizuri alipata ndizi, mpaka ikafika siku anajibu bila hata kupepesa macho. Cibalonza alifurahi. Alifurahi, na jioni hiyo hakuwasha kiko chake.

Asubuhi ya kuondoka, Philémon alimshika kikwembe, kitenge alichojifunga. "Nitakuja kukuchukua miye mwenyewe, tate. Wakishatoka tu."

"Ukuje. Usichelewe."

Sasa, mama mzazi wa Cibalonza alikuwa na desturi yake: akisafiri, aliacha kitu chake mahali pake pa kukaa, watu wajue kwamba pale pana mwenyewe na anarudi. Cibalonza naye alikuwa hivyo maisha yake yote. Wakati Euphrasie ametoka kuteka maji, aliingia sebuleni, akasukuma kile kiti cha miguu mitatu chini ya dirisha, nyuma kidogo ya kabati, na juu yake akaweka kiko chake. Akatoka na fungu lake la nguo, akapanda kamio, lori la kwenda Walungu.

Walungu ilimpokea kwa baridi. Nyumba ya marehemu kaka yake ilivuja upande mmoja, na upande usiovuja mbuzi wa jirani alikuwa ameshauzoea. Watu aliokua nao walikuwa wamekufa au wamekwenda mashambani kwa Wazungu. Wanawake vijana walimsalimia vizuri, wakapita. Mwanamke huyu aliyezoea ua uliojaa wanaume wa kugombeza hakuwa na hata mtu mmoja wa kumwambia nyamaza. Jioni ilikuwa ndefu. Alijikuta anatega sikio, anangoja ile sauti ya mtoto anayesoma, na kuna siku alisema kwa nguvu, "Somea juu kidogo, sisikii," kisha akaona haya mbele ya mbuzi.

Kila siku ya soko alifagia mbele ya nyumba, akavaa kikwembe kizuri, akaenda kusimama pale kamio zinaposhushia watu. Kamio ya kwanza ilikuja bila Philémon. Akasema barabara mbaya. Ya pili ikaja bila Philémon. Akasema labda ana homa. Ile ya tatu ilimshusha Marcelline.

Marcelline alikuwa muuza chumvi, mtu wa Kadutu hasa, mteja wa kasiksi wa miaka mingi na mwenye mdomo usiokuwa na kifuniko. Alishuka na kikapu kichwani, akageuka, akakutana uso kwa uso na Mama Cibalonza. Alipiga yowe hata kondakta akajificha nyuma ya gurudumu. Kikapu chini, chumvi yote kwenye matope.

"Yesu na Maria! Usinishike! Usinishike!"

"Una wazimu gani, Marcelline?"

"Wewe umekufa!"

"Nani amekuambia nimekufa?"

"Kadutu yote! Tulilia mpaka sauti zikaisha!"

Ilichukua muda kumtuliza. Cibalonza alimkalisha, akamshikisha mkono wake aone kwamba ni wa moto. Hapo Marcelline akasimulia, na kwa kuwa ni Marcelline, alisimulia yote. Tume ilikuja. Nyumba ilipendeza, meza, kitambaa, uma, kila kitu. Madame alitabasamu. Mtoto alijibu kama kitabu. Walikuwa wanaaga tayari, ndipo madame akaona kitu chini ya dirisha, akainama, akainua kiko.

"Hii ni ya nani?"

Na Stanislas, ambaye jasho lilikuwa limeshamlowesha mgongo, akasema kweli bila kutaka. "Ya mama yangu, madame."

"Ah. Kwa hiyo mama yako anakaa hapa?"

Mtu mwingine angesema ni ya zamani, au amekuja kutembea. Stanislas maskini akatafuta jibu moja litakalofunga maswali yote, akaliokota lililo karibu. "Amekufa, madame."

Bwana Théodore akavua kofia. Naye alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulioharibu zaidi. Alimshika Stanislas bega na kumuuliza ni lini, na Stanislas akasema ni wiki hiyo hiyo, kule Walungu, alikwenda kusalimia akaugua ghafla, wakamzika huko huko. Kumbe mtu huyu amefiwa na amepokea tume bila kusema neno! Bwana Théodore aliguswa sana. Jioni ile ile aliwaambia makarani wenzake, makarani wakawaambia wake zao, na kabla Stanislas hajajua la kufanya, majirani walikuwa wameshaingia uani na kuni na maharage na vilio. Angewafukuzaje? Angesema nini? Bwana Théodore mwenyewe alikuwa amekaa pale, na yeye ndiye sikio la tume. Majina ya watoto waliokubaliwa yatasomwa kabla masomo hayajaanza.

"Na siku ya posho, njo batatoa matanga," Marcelline akamaliza, maana yake Jumamosi wanamaliza kilio. Akamwangalia marehemu kwa hofu. "Sasa nibaambie nini?"

Mama Cibalonza aliinama, akaokota kikapu na kukipangusa matope. Aliwaza juu ya kiko. Ni yeye aliyekiacha pale. Kwa mkono wake mwenyewe, ili wajue anarudi.

"Usibaambie kitu," akasema. "Ukifungua huo mudomo wako, Marcelline, nitakuja kukusumbua usiku. Nimeshakufa, sina ya kuogopa."

Marcelline akaapa kwa watakatifu wote anaowajua. Lakini aliposimama kuondoka alimkuta Mama Cibalonza ameinuka naye, anajifunga kikwembe.

"Unaenda wapi?"

"Kwa matanga."

Hakuwa anakwenda kuharibu. Hilo alilijua vizuri, na ningependa nawe ulijue. Alitaka kumwona mtoto. Alimngoja kwenye kamio tatu, naye hakuja, na sasa alielewa kwamba hatakuja, kwa sababu huwezi kutumwa kumchukua mtu aliyekufa. Alitaka kumwona mara moja tu, kwa mbali, halafu arudi kwenye mbuzi wake. Alichuma ndizi chache nyuma ya nyumba, zile ndogo za kuiva, akazifunga kwenye kitambaa. Hakujua atazitoaje, lakini mtu haendi mikono mitupu.

Siku ya posho, saa za mchana, mvua ya Bukavu ilikuwa inanyesha ile ndogo ndogo isiyoisha. Wanawake wa vijiji vya mbali vya Walungu, wasiomjua kwa sura, walishuka na kuingia Kadutu kwa kilio, vikwembe vimefunika vichwa, kama inavyotakiwa. Cibalonza aliingia katikati yao. Marcelline alitembea ubavuni kwake. Hakuna aliyegeuka kuangalia. Nani atamtafuta marehemu kwenye matanga yake mwenyewe? Akakaa nyuma kabisa, kwenye kona ya turubai, karibu na ua, kitambaa kimeshuka hadi puani.

Akasikiliza watu wakimsifu. Yule polisi alisimama, akasema mama huyu alikuwa mama wa wote, akalia kuliko watu wote. Mnafiki mkubwa, Cibalonza akawaza. Mzee mmoja alisema hapakuwa na kasiksi kama yake kutoka hapa mpaka Uvira. Kweli tupu. Euphrasie alikuwa ameinamia magoti, analia kilio cha kweli cha mtu mwenye aibu. Stanislas alikaa mbele, kitambaa cheusi mkononi, na hakuinua kichwa hata mara moja. Cibalonza alimwona amekonda. Alitaka kumwita, amwambie kula mwanangu, usijiue kwa ajili yangu, mimi niko. Hakuna upweke uliowahi kumkamata mama huyu kama ule, Walungu ilikuwa afadhali. Watu wote wa maisha yake walikuwa pale, wamekaa kwa ajili yake, na hakuweza kumgusa hata mmoja.

Kupitia mlango uliokuwa wazi aliona sebule. Chini ya dirisha kiti cha miguu mitatu hakikuwepo. Ilikuwepo meza ndogo mpya, isiyokuwa ya kukopa, na juu yake vitabu vimepangwa, na taa. Mahali pa mtoto kusomea. Pazuri. Mwanga unaingia vizuri pale, yeye mwenyewe alipapenda kwa sababu hiyo.

Ndipo akaja Philémon. Alivaa shati jeupe na viatu. Alikuwa na jagi na beseni, ananawisha wageni mikono kabla ya chakula, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu aliofundishwa na mtu tunayemjua. Alifika mbele ya mama wa mwisho pale nyuma. Mama akatoa mikono chini ya kikwembe. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu refu la moto, la siku chungu kilipopinduka, na Philémon alikuwa mdogo sana alipoanza kulipapasa hilo kovu ili apate usingizi.

Maji yakamwagika. Yalijaa beseni, yakapita, yakamwagika kwenye viatu, na mtoto hakuinua jagi.

"Wee, mutoto, angalia!" Ilikuwa sauti ya Bwana Théodore, amesimama hatua chache nyuma, anasaidia kuwakalisha wageni. Akasogea, akamwangalia mama aliyefunikwa, akamwangalia mtoto aliyeganda. Hakuwa na ubaya wowote, aliuliza tu kama mtu mkubwa anavyouliza. "Kuna nini? Unamufahamu huyu maman?"

Cibalonza alishikwa na vitu viwili kwa wakati mmoja. Moyo wake wote ulisema, sema, mwanangu, niite, piga kelele, tuvunje haya mambo yote twende tukalale kwenye mkeka wetu. Na mdomo wake ukabana kwa nguvu kwa hofu kwamba atasema.

Philémon akainua macho. Hakupepesa.

"Hapana, monsieur. Simufahamu."

"Basi mupe pole ya safari. Ametoka mbali."

"Pole ya safari, maman."

"Aksanti, mwanangu," tate yake akajibu, kwa sauti ya chini ya mgeni. "Pole kwa kufiwa."

Bwana Théodore akaondoka kuelekea kwa wageni wengine. Mama Cibalonza akafungua kitambaa chake, akachagua ndizi moja iliyoiva vizuri kuliko zote, akamwekea mtoto kiganjani na kukifunga kwa mkono wake wenye kovu. Hapo ndipo uso wa Philémon ulipovunjika. Alifungua mdomo, na tate akatikisa kichwa mara moja. Mtoto akaufunga mdomo, akachukua beseni, akaondoka taratibu bila kumwaga tena, ndizi ameibana kwapani. Hakuila. Cibalonza alimwona kwa mbali akiiweka juu ya ile meza, kando ya vitabu.

Hakungoja chakula. Alimwacha Marcelline pale pale na kushuka peke yake kwenye mvua hadi mahali pa kamio, akalipa, akapanda, akakaa kati ya magunia. Wakati huo huo, uani kwa Stanislas, watu walianza kucheka kidogo, kama inavyokuwa matanga yakiisha.

Njiani, mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani aliyekaa naye, mtu wa kupenda maongezi, aliona kitambaa chake na macho yake, akataka kujua.

"Umetoka kwenye matanga, mama?"

"Njo."

"Nani amekufa?"

"Mama mumoja wa Kadutu."

"Alikuwa ndugu yako?"

Mama Cibalonza akafikiri. Kamio ilipanda kilima, ziwa likapotea nyuma yao.

"Hapana. Nilikuwa ninamusikia tu. Alikuwa na pombe nzuri."

"Pole yao. Ameacha watoto?"

"Ameacha mujukuu." Akajifunika vizuri, akageuza uso upande wa barabara, ili yule mwingine asiuone. "Mutoto wa akili sana. Amefaulu."